Ukoko

Sufuria ilikuwa moja,
ya shaba, pana kama beseni la kuogeshea pacha.
Nyumba zilikuwa mbili, ukuta mmoja kati yao,
na juu ya ukuta paka wa kijivu asiye wa mtu.

Aliyeiacha alikufa bila kusema ni ya nani,
ya binti au ya mkamwana.

Kwetu Kakheti, zabibu zikishakamuliwa,
kabla divai haijazikwa kwenye mitungi yake ardhini,
wanawake hutenga maji matamu, huyachemsha mpaka jioni,
hunyunyiza unga wa ngano huku mwiko ukizunguka, ukizunguka,
mpaka uji ushike, rangi ya goti
lililoanguka juzi.

Halafu uzi. Watoto tulitunga jozi,
nusu baada ya nusu, sindano ikitukosea ikapata vidole,
arobaini kila uzi. Aliyekula moja alijulikana,
maana bibi alihesabu kwa macho, kama mtu wa benki.
Uzi unazama mtupu, unapanda umevaa koti,
unaning'inizwa kwenye ufito barazani
na kudondoka, tone, tone,
juu ya magazeti ya mwaka juzi.
Hiyo ndiyo chuchkhela. Wiki mbili, na sukari yake yenyewe
inaivika vumbi jeupe.

Bibi yangu Nazibrola na wifi yake Tsiala
hawakusemezana miaka minane.
Wengine walidhani ni shamba. Wengine, pete ya marehemu.
La. Ilikuwa arusi ya binamu Gocha:
Tsiala alimega chuchkhela ya bibi mbele ya wageni,
akatafuna,
akatafuna,
akasema, "Unga umezidi."

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime;
wakipatana, chukua kapu ukavune.
Mimi sikupewa jembe wala kapu.
Nilipewa sufuria.

Kila Oktoba niliizungusha langoni kwa mikono miwili,
masikio yake yakinigonga mapaja.
"Mwambie," bibi alianza, "mwambie...
Hapana. Usimwambie kitu."
Na kule Tsiala aliipokea bila kitu,
akapika zake, na baada ya siku mbili akairudisha
imesuguliwa kwa chumvi na siki, ndani na nje,
iking'aa kama tusi.
Bibi naye mwaka uliofuata aliisugua zaidi.
Hivyo ndivyo walivyozungumza.
Nakumbuka nikijiona humo, uso wangu mpana, mwekundu,
mjumbe asiye na ujumbe.

Mwaka wa tisa ilikuja nzito kidogo.
Sikutazama; nilidhani ni mikono yangu iliyochoka.
Bibi alifunua kifuniko, akasimama.

Chini kulikuwa na ukoko.
Si wa kusahauliwa: Tsiala hasahau.
Ukoko mzima, wa duara, umekauka pembeni,
katikati bado unanata, unanukia moshi na zabibu,
na kijiko cha mbao kimelazwa juu yake
kama mgeni aliyeambiwa akae.

Bibi alivuta kigoda.
Alikwangua mara moja. Akaonja.
Nyuki alitua kwenye ukingo wa shaba, hakufukuzwa.
Alikwangua tena, akaonja tena, macho yamefumbwa,
nami nikaanza kuogopa, maana sikuwahi kumwona akilia
na sikujua kama huanza hivyo.

Kisha akainuka, magoti yakilalamika,
akatembea mpaka ukutani na kijiko mkononi,
akaita kwa sauti ya kumwamsha padri:

"Tsiala! Unga umepungua!"

Kimya. Kuku mmoja.
Halafu kutoka ng'ambo, karibu sana,
karibu kama mtu aliyekuwa amesimama hapo tangu asubuhi:

"Wako ulizidi!"

"Ulizidi kwa nani, wewe usiye na meno?"

"Ninayo sita! Njoo uyahesabu!"

Paka aliruka, akaenda zake.
Walibishana mpaka taa zikawashwa,
vipimo, moto, mwiko, arusi, Gocha na mkewe,
miaka minane yote kwa mpigo,
na hakuna aliyenikumbuka.
Nikaketi chini, nikaingiza kichwa na mkono,
nikakomba.